Nani Kamchinja Kuku

Jioni ukipita Chikongola, hapa Mtwara, vibanda vya chipsi vikishawasha majiko, hewa yote inakuwa mafuta ya kuku. Wenzangu wakipita hapo mate yanawajaa. Mimi nakasirika. Nakasirika hasa, mpaka binti yangu, ambaye kazoea kutembea na mimi, huniuliza, "Mama, leo nani tena kakuudhi?" Namjibu hakuna. Namdanganya. Kaniudhi mtu mzima aliyeketi kwenye mkeka wetu nikiwa na miaka saba, akala kipande kizima cha kuku na nusu ya kingine, halafu akanitoa kwa mama yangu.

Na kabla sijafika huko, niseme tu kwamba hao wa vibandani hawakaangi kuku. Kuku wa wiki tano, mfupa wake ukiubana kwa vidole viwili unakatika, wanamtumbukiza kwenye mafuta yaliyotumika tangu juzi, anatoka mweusi nje na ndani ana damu. Siku hizi nasikia wapo wanaotaka nyama tupu, mfupa utolewe kabisa. Sasa hapo umekula nini? Utamu wa kuku uko pale nyama inaposhikana na mfupa, pale unapolazimika kuacha adabu na kutumia meno. Nyinyi mliokua zamani kidogo mnajua ninachosema. Mama yangu alikuwa akikaanga kuku mpaka ncha ya bawa unaitafuna yote, inalia mdomoni, hubakizi kitu.

Tulikaa Ufukoni, vyumba viwili na ua wa makuti. Baba alikuwa dereva wa lori la korosho, akiondoka leo humwoni mpaka mwezi uandame. Nyumba ilikuwa ya mama. Mama alikuwa Mmakua wa upande wa Masasi, kazaliwa na kukulia kanisani, akasilimu alipoolewa na baba. Watu wa baba, wa Mikindani, hawakumsamehe jambo hilo. Si kwamba walimkatalia ndoa. Walimpokea, walimpikia pilau ya harusi, kisha wakakaa wakamwangalia, kila siku, kuona ni lini atarudi alikotoka. Bibi, mama yake baba, alikuwa akisema mbele za watu, "Huyu mkwe wangu Uislamu wake ni wa ndoa," na watu wanacheka, na mama naye anacheka, anaendelea kukuna nazi.

Mama hakuwa na Uislamu wa ndoa. Kila Alhamisi alasiri alikwenda darasa la wanawake, na daftari lake, akakaa mbele kabisa. Shida yake ilikuwa ulimi. Kwao herufi ya B inatoka ngumu, inakuja karibu na P, na mawifi walikuwa wakimwigiza jinsi anavyosoma Bismillahi. Basi mama akawa anajifunza. Anaosha vyombo, anasema Bismillahi. Anafua, Bismillahi. Usiku nimelala namsikia upande wa pili wa pazia anairudia polepole, B, B, B, kama mtu anayefundisha mtoto mdogo kusema. Nilikuwa namwonea huruma na pia namwonea fahari, maana kila wiki ilikuwa inakaribia kunyooka.

Siku moja ukaja ujumbe kutoka Mikindani. Bibi na Baba Mkubwa, kaka yake baba, wangekuja kwetu Ijumaa baada ya swala. Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa na sauti katika ukoo ule. Aliswalisha pale mtaani kwao imamu akiwa na udhuru, na jambo la ndoa, la mirathi, la mtoto kupelekwa wapi, lilikuwa halijaisha mpaka yeye aseme. Aliyeleta ujumbe hakuficha wanakuja kwa sababu gani. Mtoto anakua, alisema, wazee wanataka kujua dini atafundishwa na nani, na kama hapa hakuna wa kumfundisha, basi atakwenda kulelewa kwa bibi yake.

Mtoto huyo ni mimi. Hawa, mtoto pekee wa mama yangu.

Mama hakulia wala hakumwita mtu kumlalamikia. Alikwenda bandani akamtazama jogoo wake, jogoo mwekundu mwenye mapaja aliyekuwa akimtunza kwa ajili ya sikukuu, akasema, "Nitawakaangia huyu." Nilimwelewa vizuri kabisa. Mtu akila chakula kama kile hawezi tena kukuchukulia mtoto. Ndivyo nilivyoamini, na nadhani mama naye aliamini hivyo kwa sehemu.

Kuchinja kwetu ni kazi ya mwanamume. Hakuna anayekukalisha chini akakueleza, unakua tu unaona. Mwanamke akitaka kitoweo na mumewe hayupo, anamfunga kuku miguu, anakiviringisha kisu kwenye kanga, anatoka mpaka barabarani na kusimama hapo mpaka apite mwanamume Mwislamu, yeyote yule, amwambie, "Samahani, naomba unichinjie." Sisi tulikuwa na jirani, fundi baiskeli, ndiye aliyekuwa akituchinjia. Ijumaa ile fundi aliondoka alfajiri kwenda msibani. Mama alipomgongea, mkewe alitoka peke yake.

Kwa hiyo mama akatoka na jogoo kwenda kusimama barabarani, na mimi nyuma yake. Jua lilikuwa limeshapanda na kuku wa kienyeji hataki haraka, lazima achemke kwanza muda mrefu ndiyo aingie kwenye mafuta. Walipita wanaume wawili na baiskeli ya mkaa. Mama akawaomba. Mmoja akasema, "Sisi wa kanisani, mama, labda tukushikie tu." Wakaenda zao. Halafu barabara ikawa tupu, maana wanaume walikuwa wameshaanza kuelekea msikitini. Akaja mmoja tu, Mwislamu, jina lake mtaa mzima unalijua, anayumba kutoka kwenye pombe ya mabibo saa ambayo wenzake wanatia udhu. Alituona akanyoosha mkono mwenyewe. "Lete nikuchinjie, dada." Mkono unatetemeka. Mama akamtazama, akasema, "Ahsante, kaka, tumeshapata," akanishika bega tukarudi ndani.

Nataka hapo paeleweke, maana ndipo panaponichoma mpaka leo. Lau mama angempa kisu mlevi yule, hakuna ambaye angesema neno. Angechinja huku anapepesuka, na kuku angekuwa halali, na mimi ningelala kwetu. Mwanamume alikuwa amepatikana, na kwa wale jamaa hilo lilitosha.

Uani mama alichimba kishimo karibu na mpapai. Akatia udhu, akajifunga mtandio vizuri, akanoa kisu akimpa kuku mgongo asikione. Mimi nilikuwa natoka kucheza udongo, mikono yangu imekauka matope. Akaniambia, "Hawa, shika miguu. Ukiogopa tazama pembeni."

"Mama, wewe unachinja?"

"Nachinja. Mwanamke akiwa Mwislamu anachinja. Mwalimu katufundisha."

Nikashika miguu. Sikutazama pembeni. Akamlaza, akamwelekeza kibla, akasema Bismillahi Allahu Akbar, na ile B ikatoka. Ikatoka safi, wazi, hakuna wifi wa Mikindani ambaye angeweza kuicheka. Nilisahau kuku. Niliisikia B tu. Nilitaka watu wote wa baba wawe wamesimama pale uani wasikie.

Halafu kazi ikaanza, na harufu ile ndiyo inayonikuta Chikongola. Mama alimmwagia maji ya moto, tukanyonyoa, akambabua juu ya mwali wa kifuu mpaka ngozi ikaacha vinyoya. Akamwosha kwa ndimu na chumvi mara mbili. Akamkata vipande na mifupa yake, mapaja, vipapatio, kidari vipande vinne, shingo, mgongo, na firigisi akaiweka peke yake kwa ajili ya Baba Mkubwa. Akachemsha na tangawizi na kitunguu saumu, moto mdogo, mpaka nyama ikakubali uma lakini haijaachia mfupa. Hapo watu wengi wanakosea, wanatoa kuku anatoka supuni wanamtia kwenye mafuta. Mama alivitandaza vipande kwenye ungo, akavifunika kawa, akaviacha vikauke upepo mpaka ngozi ikawa haina tone la maji. Ndipo akavipaka pilipili manga na chumvi kidogo. Mafuta yalikuwa ya ufuta, kayaleta mama yake kutoka Masasi kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi. Akakaanga, akatoa, akaacha vipoe, akakaanga tena. Ile mara ya pili ndiyo inayofanya ngozi iimbe. Jirani alichungulia juu ya makuti akauliza, "Mama Hawa, leo kuna nini kwako?" Mama akasema, "Wakwe." Jirani akasema, "Basi umewaweza."

Walikuja. Bibi na ushungi wake mweupe, Baba Mkubwa na kanzu. Wakakaa mkekani, mimi nikaambiwa nikae nao, mama akatenga wali wa nazi na kachumbari na bakuli la kuku, akaketi kwenye kizingiti cha mlango akisubiri kama kuna kinachopungua. Baba Mkubwa alianza na firigisi. Kisha akachukua kipande cha kidari, akakimaliza chote, akaufyonza mfupa, akaweka chini. Akamtazama mama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kuku huyu kakaangwa," alisema. Mama akainamisha kichwa. Baba Mkubwa akachukua paja.

Nilijua tumeshashinda. Nilimtazama mama nikacheka.

Ndipo akanigeukia mimi, paja mkononi, na sauti ya upole ya kuulizia watoto. "Hawa, mama yako anasali?"

"Anasali."

"Zote tano?"

"Zote. Na ya alfajiri ananiamsha."

"Haya. Na Bismillahi je? Anaweza kuitamka sasa, au bado anaikwaruza?"

Bibi akatabasamu. Na mimi nikaona hapo ndipo pa kummaliza Baba Mkubwa. Yalikuwa yanatafutwa maneno ya kumtetea mama na mimi nilikuwa nayo, tena mapya, ya siku ile ile. Nikasema kwa sauti kubwa, "Anaweza. Leo kamchinja kuku huyu mwenyewe, kasema Bismillahi Allahu Akbar vizuri kabisa. Mimi nilishika miguu."

Baba Mkubwa akaacha kutafuna. "Kamchinja nani?"

"Mama."

Akatoa nyama mdomoni kwa vidole, akaiweka ukingoni mwa sinia. "Nani kamchinja kuku, Mama Hawa?"

"Mimi, Shemeji. Fundi kaenda msibani, na wanaume wote walikuwa wameshakwenda msikitini. Nilisimama barabarani mpaka..."

"Nimeuliza nani kamchinja."

"Mimi."

"Tumelishwa nyamafu," alisema Baba Mkubwa. Hakupiga kelele. Nimeshasikia wanaume wakipiga kelele maishani na nimewasahau, lakini sauti ile ya chini sijaisahau. Alichukua maji ya kunawa akasukutua, akatema nje ya mlango, karibu na miguu ya mama.

"Mwalimu wetu wa darasani anasema mwanamke..."

"Darasani," alisema Baba Mkubwa.

Halafu mama akamtazama Bibi. Alimtazama muda mrefu. Bibi alikuwa ameshika kipapatio, akakiweka chini, akaanza kutengeneza ushungi wake ambao haukuwa umeharibika. Uso wake ulikuwa umebana. Mimi niliusoma uso ule kuwa ni chuki, na nikaamini hivyo kwa miaka minne. Mwishowe Bibi akasema, bila kumtazama mtu, "Basi, mwanangu. Mtoto tumchukue tu."

Baba Mkubwa akaamuru kuku amwagwe. Mama alibeba bakuli mpaka kwenye kile kishimo cha damu, akakichimba zaidi, akavimimina vipande vyote, pamoja na paja ambalo halijaguswa, akafukia. Nilimfuata. Nilikuwa nimeshapata sababu, maana mtoto lazima apate sababu. Nikamwonyesha mikono yangu yenye matope nikamwambia, "Mama, ni mimi. Nilishika miguu sina udhu." Sijui kama alinisikia. Aliingia ndani akafunga magauni yangu matatu na juzuu yangu kwenye kanga, na jioni ile ile mimi na Bibi na Baba Mkubwa tukaondoka kwa miguu kwenda kutafuta gari.

Baba alirudi safari baada ya siku kumi, akaja Mikindani na biskuti. Nilimwambia nataka kurudi nyumbani. Akanipapasa kichwa. "Kaka kashasema," alisema. Maneno mawili tu. Mwanamume aliyekuwa akiendesha lori la tani kumi kutoka Mtwara mpaka Dar kwenye ile barabara ya zamani, mvua na tope, alishindwa kusema maneno matatu mbele ya kaka yake. Nampenda baba yangu, na hilo la kushindwa nimeshamwambia usoni.

Mikindani sikuteswa, niseme ukweli. Ningeteswa ingekuwa rahisi kusimulia. Bibi alinipaka mafuta ya nazi kichwani, alinibakizia ukoko wa wali, nikiugua alikesha. Nilisoma chuo cha Kurani, nikahitimu juzuu. Mama aliruhusiwa kuja sikukuu, akaketi ukumbini kama mgeni, akaondoka kabla ya magharibi. Mimi nilikuwa nanawa mikono. Nilikuwa nanawa kabla ya kula, baada ya kula, nikishika kitabu, nikishika mnyama, mpaka ngozi ya vidole ikawa inapasuka na Bibi akawaambia majirani, "Huyu mtoto msafi ajabu." Hakuna aliyeniuliza nanawa nini.

Nikiwa na miaka kumi na moja, siku moja Baba Mkubwa alituma habari kwamba atapita kula mchana. Bibi akaniambia nimkamate yule tetea mweusi asiyetaga. Nikamleta. Nikasubiri aniambie niende barabarani. Badala yake Bibi akafunga mlango wa uani kwa komeo, akatoa kisu chini ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akachuchumaa nyuma ya jiko.

"Shika miguu," akasema.

Nikasema, "Bibi, sina udhu."

"Kushika miguu ya kuku kunataka udhu tangu lini?"

"Si ndiyo maana kuku wa mama alikuwa haramu?"

Bibi alishusha kisu. Alinitazama, halafu akatazama mikono yangu, ile iliyopasuka, na nadhani wakati ule ndipo alipoelewa usafi wangu wote wa miaka minne. "Nani kakwambia alikuwa haramu?"

"Baba Mkubwa kasema nyamafu."

Kuku alikuwa anahema chini ya kiganja chake. "Shika miguu, Hawa," alisema tena, na nikashika, naye akachinja kwa mpigo mmoja, bila kutafuta mahali, mkono wa mtu aliyeanza zamani. Akafukia damu. Akaosha kisu, akakirudisha kilipokuwa. Ndipo akasema, "Akiuliza, sema kachinja muuza samaki aliyepita."

"Lakini Bibi, wewe umechinja."

"Wanawake wote wa mtaa huu wanachinja. Babu yako alikuwa anakaa baharini wiki mbili anavua, ulifikiri tulikuwa tunakula majani? Tunachinja, hatusemi. Mama yako hakukosa kuchinja. Alikosa kuwa na mtoto msemaji."

Sikiliza maneno hayo na umri wangu. Nilikuwa nimebeba mikono yangu miaka minne, nikaambiwa niiache, nibebe mdomo. Na aliyeniambia alikuwa anakatakata nyama huku anazungumza, kwa utulivu, kama anayenifundisha kupima chumvi. Nilitaka kupindua lile karai. Sikupindua. Mtoto wa watu aliyewekwa kwa watu hapindui karai.

Kuku yule nilimkaanga mimi. Bibi kukaanga hakujua, yeye alikuwa mtu wa mchuzi, na aliponiambia nifanye nitakavyo nilifanya kama nilivyomwona mama akifanya, nikachemsha, nikakausha kwenye ungo, nikakaanga mara mbili. Baba Mkubwa aliingia akasimama mlangoni ananusa. Alikula firigisi, akala kidari, akala mapaja yote mawili, akatafuna ncha za mabawa. Hakubakiza mfupa wa kumpa paka.

"Kuku huyu nani kakaanga?"

"Hawa," alisema Bibi.

"Na nani kamchinja?"

Bibi akanitazama. Aliniachia mimi. Nikasema, "Muuza samaki aliyepita, Baba Mkubwa." Sauti yangu haikutikisika hata kidogo. Niliona aibu baadaye kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Akanawa mikono, akajipangusa, akamwambia Bibi, "Unaona, Mama? Mtoto kalelewa. Angebaki kule angekuwaje?" Kisha akanigeukia na uso mkunjufu. Likizo inayokuja, alisema, naweza kwenda Ufukoni kukaa kwa mama yangu, mwezi mzima nikitaka. Sasa nina dini ya kutosha, sitapotea.

Nimewahi kuwasimulia watu hapo wakacheka. Mimi sijaona cha kucheka. Nilisema kweli nikiwa na miaka saba, nikaondolewa kwa mama yangu. Nilisema uongo nikiwa na miaka kumi na moja, nikarudishwa. Na waliofanya yote mawili waliyaita malezi ya dini. Dini haikuwa na kosa lolote pale. Kitabu nimekisoma mwenyewe tangu hapo, nimeuliza masheikh wa hapa na wa mbali, hakuna aliyeniambia kuku wa mama yangu alikuwa haramu. Walikuwa na jambo lao la wanaume na wanawake, wakalivika kanzu.

Nilifika Ufukoni likizo ile, mtoto mrefu, mama akanitazama akakosa pa kunishika. Siku ya kwanza hatukuzungumza mengi. Siku ya pili tulikaa uani tunachagua mchele, ungo katikati yetu, nikaona siwezi tena kukaa nalo. Nikamweleza yote, komeo la mlango, kisu chini ya mbuzi, tetea mweusi, muuza samaki. Nilitarajia ashtuke. Nilitarajia asimame, ajifunge kanga kiunoni, twende Mikindani sote wawili saa ile ile tukamtoe Baba Mkubwa msikitini.

Mama aliokota jiwe, akalitupa. "Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Mwezi wangu wa kwanza wa ndoa tuliishi kwao. Miguu nilishika mimi. Mwalimu wa darasa alinifundisha kwamba inafaa, lakini mkono wangu huu, nani unafikiri aliuonyesha pa kupitisha kisu?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza mbona hakusema. Siku ile, mkekani, Baba Mkubwa anasukutua, mbona hakusema kwamba kajifunza kwa Bibi?

"Niseme mbele ya mwanawe? Mtu mzima yule, nimvue nguo kwenye nyumba yangu?" Akachagua punje kadhaa. "Nilimtazama. Nilimpa nafasi aseme mwenyewe."

"Na mimi mbona hukuniambia ninyamaze? Ungeniambia tu, Mama. Ningenyamaza."

"Walikuwa wanakuja kupima dini yangu, Hawa. Nikufundishe uongo siku hiyo hiyo?"

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa yanavuma, na sasa ilikuwa hasira juu yake yeye, mama yangu, na heshima zake, na wema wake ambao nililipa mimi. Nikamuuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake, na sijaitumia tena. "Na mimi je? Hukuona kwamba wananichukua mimi?"

Mikono yake ikasimama juu ya mchele. Nikajuta kuuliza.

"Nilidhani atasema," alisema. "Wakati nafunga nguo zako nilikuwa nadhani atasema. Nikatoka mpaka nje kuwaangalia. Mlipofika barabarani nilikuwa bado nadhani atageuka, arudi, aseme."

Bibi hakugeuka. Hilo najua kwa hakika, kwa sababu alikuwa kanishika mkono, na mimi nilikuwa namvuta nyuma njia nzima.